Soksi ya Majivu

Mashimoni, Kibera
3 Februari 2025

Baba Ivy,

Ningekupigia, lakini kambi yenu imewanyang'anya simu kama watoto wa bweni, eti msije mkamwambia mwizi wa pembe ni wapi faru amelala. Basi nimemsubiri Jeremy hapa sokoni mpaka akamaliza kupakia kabichi za wageni wenu kwenye lori, nikamkabidhi barua hii. Nimemwambia akiifungua nitajua.

Watoto wako salama. Maji yamerudi, kiosk imefunguka, mitungi imepanga foleni mpaka kwa kinyozi. Hizo ndizo salamu. Sasa tuongee.

Nilikuwa nafua ile suruali ya kijani uliyoiacha ulipomaliza likizo. Mfukoni nimetoa soksi. Soksi moja, ya mtoto wa shule, ilikuwa nyeupe zamani. Imefungwa kamba shingoni, na ndani imejaa majivu. Ukiigusa inapumua vumbi. Kwenye vidole imeshonwa kwa uzi wa rangi ya chungwa, mshono mzuri, wa mtu anayejua kazi. Mimi sina mtoto mwenye soksi hiyo, wala sina uzi huo.

Siku hiyohiyo Nereah anayeuza omena Kawangware 46 amepita hapa kunijulia hali. Anasema alikuona wiki ile ya likizo yako umesimama mlangoni kwa Audrey, mjane wa binamu yako Lazarus. Kofia mkononi. Hukubisha. Ulisimama, ukasikiliza, ukaondoka. Mimi uliniambia unaenda kutengeneza viatu.

Ojwang, mimi si mgeni katika Ujaluo. Mume akifa na binamu yake akaanza kuzunguka mlango wa mjane, najua kinachofuata ni kumrithi mjane. Najua pia kwamba haendi mikono mitupu. Kuna mzee wa kumpa dawa kwanza ili kifo kisimfuate. Hiyo ndiyo dawa yenyewe? Lazarus hajamaliza hata miezi mitatu kaburini!

Watu wa Gatwekera wanatoka gizani kutembea mpaka Industrial Area kutafuta kibarua, na hakuna aliyewahi kuita jambo hilo starehe. Huko kwenu matajiri wanalipa ili watembee kwa miguu porini, na wewe unalipwa kuwatangulia. Sawa, ni kazi. Lakini kazi gani inamrudisha mtu nyumbani na majivu mfukoni na uongo mdomoni?

Nijibu. Na usinijibu nusu.

Mildred,
mke wako kwa sasa


Kambini
8 Februari 2025

Mama Ivy,

Barua yako imefika, na hii ninayokuandikia imepita getini ikasomwa kama barua zote, kwa hiyo nitasema machache.

Majivu ni ya upepo. Kila mwongoza matembezi ana mfuko wake. Unautikisa, unatazama vumbi linaelekea wapi. Likienda kwa mnyama, harufu yako nayo imeenda, na nyati akishakunusa huna siri tena. Likija kwako, yeye ndiye hana habari. Ndiyo sababu hata nikija nyumbani sipaki yale mafuta yako yenye harufu ya maua, na wewe unanuna. Hakuna mzee wala dawa.

Hilo la Kawangware tutaongea nikija.

Soksi iweke mahali pakavu. Usiifue. Usimwonyeshe mtu yeyote, hata Nereah. Si yangu.

Habari njema ni kwamba nimepewa nafasi ya Lazarus. Sasa mimi ndiye ninayetangulia mbele na bunduki. Karo ya Ivy isikuumize kichwa.

Wako,
Ojwang


Mashimoni
12 Februari 2025

Audrey,

Simu zangu umeacha kupokea. Simu unaweza kuikata. Karatasi utaisoma hata kama ni kwa hasira. Nereah ndiye anayekuletea. Usimlaumu, ameombwa.

Huko nyumbani wake wa ndugu huitana nyieka, mke mwenza, kwa utani. Mimi utani umenishinda. Naomba uniambie kama sasa tumekuwa wake wenza kweli, ili nipange maisha yangu. Mume wangu amesimama mlangoni kwako kama mvulana anayeposa. Mfukoni mwake nimekuta soksi ya majivu. Nimemuuliza, kanijibu kuhusu upepo! Nimemuuliza habari zako, kanijibu kuhusu karo. Na anataka nisimwonyeshe mtu. Mimi nimeuza maji miaka mingi kwenye foleni ya wanawake wa Mashimoni. Nimesikia kila aina ya uongo wa waume, lakini wa upepo ni mpya.

Nakuhurumia kwa msiba. Nilikuja matangani, nilipika, nililia. Lakini huruma yangu haina kitanda.

Kama mila imekubana, sema. Tuna kanisa, tuna sheria, na mwanamke wa leo anaweza kusema hataki. Kama si mila bali ni hiari yenu wawili, sema pia. Nitapigana na ukweli vizuri zaidi kuliko ninavyopigana na minong'ono ya omena.

Mildred


Kambini
16 Februari 2025

Mildred,

Hii haijapita getini. Jeremy ameificha ndani ya gunia tupu la viazi. Ukiisoma, itie jikoni.

Soksi ni ya Lazarus.

Asubuhi ile ya Desemba tulikuwa na wageni wanne. Lazarus mbele na bunduki, wageni mstari mmoja katikati, mimi nyuma. Ng'ambo ya mkondo mkavu tukamwona nyati dume, mzee, yuko peke yake. Lazarus alitusimamisha kwa ngumi, akatoa soksi, akaitikisa. Majivu yalitujia sisi usoni. Nyati hakuwa na habari nasi. Niliona kwa macho yangu, Mildred, hata nilifuta vumbi kwenye kope.

Kisha mgeni mmoja akatoka kwenye mstari. Alipanda kichuguu, akampa nyati mgongo, akainua simu ajipige picha pamoja naye. Lazarus alimwashiria ashuke. Alicheka. Lazarus akamwita kwa sauti, na sauti ndiyo nyati aliyoisikia. Lazarus alikimbia akamvuta yule mtu chini. Mtu alianguka upande wetu. Lazarus alibaki pale mtu alipokuwa, na nyati akamfikia.

Meneja alipofika alichukua bunduki, redio na darubini. Mimi nilikuwa namlaza ndugu yangu vizuri. Soksi ilikuwa kwenye ngumi yake. Nikamfungua vidole, nikaitia mfukoni bila kufikiri, kama unavyomwokotea mtu kofia yake. Jioni nikamsikia meneja akiwaambia wageni kwamba Lazarus hakubeba majivu siku ile, kwamba alivunja kanuni ya kwanza ya kazi, na aliyejiua kwa uzembe familia yake hailipwi fidia. Mgeni wa kichuguu alikuwa ameshapandishwa ndege ndogo. Sisi wafanyakazi tukaambiwa tunyamaze mpaka uchunguzi uishe.

Ndipo nikajua kilichokuwa mfukoni mwangu. Nikikitoa huku, mikononi mwao kitapotea. Nilikileta Nairobi nimpe Audrey. Nilipofika mlangoni nilimsikia ndani akimwambia Tracy amalize uji, baba akija asimkute hajala. Mtoto wa miaka mitano bado hajaambiwa. Nilishindwa kubisha. Hayo ndiyo Nereah aliyoyaona.

Mpelekee soksi, wewe mwenyewe. Ifungwe kwenye nailoni. Isiguswe na mtu mwingine. Ndicho kitu pekee kinachosema Lazarus alifanya kazi yake.

Ojwang


Mashimoni
17 Februari 2025

Baba Ivy,

Yamekwisha. Nimengoja majibu ya maana na sikupata, basi jana Jumapili nimeipeleka soksi yako kanisani.

Mchungaji Wanzala aliinua juu kila mtu akaiona. Aliigeuza mbele na nyuma, akaonyesha kamba, akaonyesha uzi wa chungwa, akasema, "Tazameni jinsi shetani anavyoshona!" Nami nikapewa kipaza sauti nikatoa ushuhuda wote: suruali ya nani, kazi gani, pori gani, likizo ya lini. Simu zote zikawa hewani. Alipolegeza kamba, upepo ukaingia kwa lile dirisha lisilo na kioo, majivu yote yakaiendea kwaya. Sauti ya pili nzima wakapiga chafya. Mchungaji akasema hilo ni pepo linatoka. Kasyoka wa ngoma akasema, "Mchungaji, hilo ni vumbi," akafukuzwa kwenye ngoma mpaka ibada ikaisha.

Kisha tukaichoma kwenye karai kwa mafuta ya taa. Iliwaka vizuri sana.

Kwa hiyo dawa yako haipo. Kama utarithi mjane, utamrithi bila kinga. Na hiyo nafasi ya Lazarus waliyokupa haraka hivyo nayo inanuka. Mtu anakufa, wewe unapewa bunduki yake, halafu unasimama mlangoni kwa mkewe. Mimi nimesoma magazeti ya kutosha kujua habari kama hiyo huishia ukurasa gani.

Mildred


Kawangware 46
18 Februari 2025

Mama Ivy,

Nimesoma barua yako mara moja. Sina nguvu ya kuisoma tena.

Mume wako simtaki. Ningekuwa namtaka mtu, asingekuwa yeye. Nitakwambia kwa nini, kwa kuwa unapenda ukweli wa kupigana nao.

Mwezi uliopita mtu wa bima alikuja hapa. Alikaa kwenye stuli ya wateja wangu, kando ya cherehani, akakataa chai. Alisema Lazarus alienda kazini bila majivu. Nikasema haiwezekani. Akasema, "Mama, aliyekuwa naye amesema mwenyewe. Binamu yake." Mumeo. Amesema mume wangu alikuwa mzembe, na sasa mumeo anatembea na bunduki ya mume wangu. Kama alisimama mlangoni kwangu, alikuja kutazama kama nimebaki na macho ya kumtazama.

Simu nimeacha kupokea kwa sababu sikujua kama wewe unakula kutoka sahani hiyohiyo bila kujua, au unajua.

Sasa niulize mimi. Hiyo soksi uliyoikuta, ni ya namna gani? Maana Lazarus alipoondoka mara ya mwisho mfuko wake wa majivu ulikuwa umetoboka. Nilimtengenezea mwingine hapa kwenye cherehani, kwa soksi ya Tracy iliyochakaa vidoleni. Siku ile nilikuwa nashona sare za shule fulani. Uzi uliokuwa kwenye mashine ulikuwa wa chungwa.

Audrey


Mashimoni
20 Februari 2025

Audrey,

Ni hiyo.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na hayo ndiyo niliyoweza kuandika. Ni hiyo, na nimeichoma. Mbele ya kanisa zima, kwa mafuta ya taa, na nikaimba.

Barua yako na barua ya Ojwang zimenifikia siku moja, yako kwa mkono wa Nereah, yake ndani ya gunia la viazi. Naambatisha yake. Alisema niitie jikoni. Nimeshachoma vya kutosha mwezi huu. Isome yote. Anasema aliitoa kwenye ngumi ya Lazarus. Anasema waliambiwa wanyamaze. Hasemi popote kwamba aliongea na mtu wa bima. Basi ama mume wangu ananidanganya, ama mtu wa bima anakudanganya, ama kuna mtu katikati aliyewadanganya wote wawili. Sitamwamini Ojwang kwa sababu tu ananikoromea kitandani. Usimwamini nawe. Tutamkagua kama jerikeni linalovuja.

Siombi msamaha kwenye karatasi. Nitakuja.

Lakini kuna kitu kimoja. Kanisa letu huweka ibada kwenye Facebook kila Jumapili. Ivy anasema ipo, na watu wanaicheka sana ile kwaya. Tafuta siku ya tarehe kumi na sita. Sijui kama utaweza kuitazama. Nisingeweza.

Mildred


Kawangware 46
22 Februari 2025

Mama Ivy,

Asante kwa jana. Asante kwa unga pia, ingawa hukutakiwa kubeba. Baada ya wewe kuondoka nikakumbuka ambayo sikuyasema, kwa sababu tulikuwa tunalia, na baadaye tukawa tunacheka ile chafya.

Nimeitazama tena peke yangu. Mchungaji wako ameishika karibu na kamera kuliko fundi anavyomwonyesha mteja. Mshono ni wangu. Ninarudi nyuma mara tatu kila nimalizapo, mama yangu alinifundisha hivyo, na hapo mara tatu zinaonekana. Na soksi ya pili ya Tracy ninayo. Ipo kwenye kapu la viraka, mistari ileile miwili ya kijani juu.

Wakili wa chama cha wafanyakazi wa hoteli ameiona video. Kilichomfurahisha si mshono, ni ushuhuda wako. Unasema soksi imetoka kwa nani, kazi gani, pori gani, na unayasema ukiwa na hasira na mumeo, siku ambayo hukujua kuna kesi. Anasema hakuna mtu atakayedai mliipanga.

Halafu akaniuliza, "Na huyo mume, atakuja?" Bila mtu wa kusema ameitoa wapi, hiyo ni soksi tu inayoungua. Na huyo mtu, kwa maandishi ya bima, tayari amesema kinyume.

Barua yake ni nzuri. Nimeiamini nikiwa naisoma, na nilipoikunja nikaacha kuiamini. Anaandika kutoka nyuma ya ua lao. Anakula chakula chao.

Audrey


Mashimoni
23 Februari 2025

Ojwang,

Jeremy ataitia hii ndani ya kiatu. Akikuletea ikinuka, ndivyo ilivyo.

Soksi imeungua. Utakuwa umeshaisoma barua yangu ya wiki iliyopita na umeshanitukana moyoni. Nastahili. Lakini kanisa liliirekodi, Audrey ameutambua mshono wake, na soksi mwenzake ipo. Kitu ulichokificha kwenye suruali sasa kimeonwa na watu wengi kuliko wageni wote uliowahi kuwatembeza.

Sasa swali. Mtu wa bima anasema wewe ndiye uliyeshuhudia kwamba Lazarus hakuwa na majivu. Ulisema au hukusema? Usiniandikie jibu. Nimechoka na barua zako. Zikipita getini zinaficha, zisipopita zinalia. Jibu hilo halinihusu mimi. Ana haki nalo mtu mmoja tu, na anakaa Kawangware 46.

Najua unachofikiria. Ukitoka bila ruhusa hakuna kurudi. Bunduki, nafasi, karo ya Ivy, vyote vinabaki huko. Nimeongea na Ivy. Amesema, "Mum, nitarudia hata kidato kizima, lakini Uncle Lazarus ndiye alinifundisha baiskeli." Mimi nitaongeza bomba la pili kwenye kiosk au nitauza chapati, hilo niachie.

Nimesoma walichoandika kuhusu kambi yenu kwenye tangazo lao. Eti huko binadamu anarudia kutembea kama mababu, bila woga. Bila woga! Mgeni haogopi kwa sababu kuna Lazarus. Na Lazarus akishalala chini, wanamwambia mkewe alikuwa mzembe, na wanampa binamu yake cheo ili amezee. Hicho cheo ni donge la ugali la kukuziba mdomo. Liteme.

Lori la Jeremy linarudi Nairobi Alhamisi na makreti matupu. Kama hutakuwemo ndani yake nitajua niliolewa na nani, na sitauliza tena.

Usipite nyumbani kwanza.

Mildred


Kawangware 46
1 Machi 2025

Nyieka,

Wakili amepeleka kila kitu: video, soksi iliyobaki, na maneno ya mumeo. Mtu wa bima aliitwa ofisini kwake jana. Ojwang alimtazama akamwambia, "Mimi na wewe hatujawahi kuonana. Ulisikia kwa nani?" Yule mtu alifungua faili lake, akalifunga, akasema aliyasikia kwa meneja. Basi ndivyo mdomo wa mumeo ulivyotumika bila yeye kuwemo. Wamesema watafungua suala upya. Siwaamini, na wewe najua huwaamini, lakini sasa wanaandika jina la Lazarus bila lile neno la uzembe mbele yake.

Kazi ya Ojwang imeisha. Ameniambia mwenyewe, hakuonekana kutaka nimhurumie.

Tracy nimemwambia. Ojwang alikuwepo. Mtoto aliuliza kama nyati alijua kwamba yule ni baba yake. Akamwambia hapana, hakujua. Akauliza kama yule mgeni alijua.

Nakuandikia kwa sababu utamuuliza alifikaje, naye atakwambia nusu. Ilikuwa Alhamisi mchana, niko kwenye cherehani. Nilisikia hatua zikija kwenye ujia, hatua za mtu anayekanyaga polepole kama bado yuko porini. Zikasimama nje ya mlango wangu. Nikaacha mashine. Nilikuwa nimeapa sitafungua, sitaita, sitamsaidia hata kidogo. Nikaona kivuli chake chini ya mlango, na kwa ufa wa mlango nikaona kofia ikitoka kichwani. Alikaa hapo mpaka nikadhani tumerudi pale pale.

Kisha akabisha.

Audrey